Kilugha ni Nini? Somo la Kidenmaki na Kihmong kwa Watu wa Tanga

Tuchukue lugha mbili ambazo wengi wa wasomaji wangu hawajapata kuzisikia zikisemwa, Kidenmaki na Kihmong, tuzipime kwa mizani moja. Kidenmaki husemwa na watu wapatao milioni sita, karibu wote wakiwa raia wa Denmark, nchi ndogo ya Ulaya ya Kaskazini. Kihmong husemwa na watu milioni kadhaa waliotawanyika katika milima ya kusini mwa China, Vietnam, Laos na Thailand na, tangu vita vya Indochina vilipokwisha mwaka 1975, katika miji ya Marekani kama St. Paul na Fresno. Kwa idadi ya wasemaji lugha hizi hazipishani kwa kiasi cha kushangaza. Hata hivyo, Kidenmaki kina bunge, mahakama, vyuo vikuu, jeshi na kamusi zinazogharimiwa kwa fedha za umma, tena ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Kihmong hakina hata nchi moja inayokiita lugha yake ya taifa.

Mwulize Mtanzania wa kawaida tofauti hiyo inatoka wapi, naye atakujibu bila kusita kwamba Kidenmaki ni lugha na Kihmong ni kilugha. Neno hilo tunalitumia kila siku, kwenye daladala, ofisini na misibani: "wale wanaongea kilugha." Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba balozi wa Denmark anaongea kilugha. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hakuna lugha inayozaliwa kilugha. Lugha hufanywa kilugha na watu wenye mamlaka, kwa maamuzi yenye tarehe na sahihi. Nasi wa Tanga, tulio wepesi wa kulalamika Kiingereza kinapokidharau Kiswahili, tumekubali uamuzi uleule dhidi ya Kibondei, Kizigua, Kishambaa, Kidigo na Kisegeju, tena kwa hoja zilezile tunazozikataa.

Tuanze na muundo, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba lugha za dola zimepangika vizuri kuliko nyingine. Hamsini kwa Kidenmaki ni halvtreds, neno lililokatwa kutoka neno refu zaidi lenye maana ya "nusu ya tatu mara ishirini", yaani mbili na nusu mara ishirini. Tisini ni halvfems, yaani nne na nusu mara ishirini. Wanorwei na Waswidi, majirani zao, huzifanyia mzaha namba hizo. Lau Wabondei wangehesabu kwa namna hiyo, asingekosekana mtaalamu wa kutuandikia taarifa kwamba Kibondei hakifai kufundishia hisabati. Watoto wa Denmark hujifunza namba hizo wakiwa wadogo, wakakua wakawa wahandisi wa mitambo ya kufua umeme wa upepo.

Kihmong nacho ni lugha ya toni. Silabi moja, ikitamkwa kwa sauti ya juu, ya chini au ya kushuka, hubadilika maana, na lahaja zake kubwa zina toni saba au nane. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wamisionari waliokuwa Laos walibuni maandishi ya herufi za Kirumi yanayoonyesha toni kwa konsonanti ya mwisho isiyotamkwa. Ndiyo maana Wahmong huandika jina lao Hmoob, na ile b ya mwisho ni alama ya toni tu. Mwaka 1959 Shong Lue Yang, mkulima ambaye hakuwa na kisomo, aliunda mfumo mwingine kamili wa maandishi kwa ajili ya lugha yake. Aliuawa mwaka 1971, wakati wa vita, ushawishi wake ukiwa umewatia hofu wakubwa wa kijeshi. Lugha iliyomzaa mtu wa namna hiyo haikupungukiwa na akili. Ilichopungukiwa ni wizara ya elimu.

Kidenmaki chenyewe kilipata kuwa kilugha. Katika karne za 17 na 18 msomi wa Copenhagen aliandika kwa Kilatini, watu wa jumba la mfalme walipenda kuzungumza Kijerumani na Kifaransa, na amri za jeshi zilitolewa kwa Kijerumani hadi mwaka 1773. Ludvig Holberg alipoanza mwaka 1722 kuandika tamthilia za vichekesho kwa Kidenmaki, alikuwa anaipeleka jukwaani lugha ambayo wakubwa wa mji ule waliiona kuwa ya jikoni na ya sokoni. Hakuna aliyegundua baadaye kwamba lugha ile ilikuwa na ubora uliofichika. Kilichotokea ni kwamba waandishi waliitumia, kisha dola ikaona kuwa ina faida nayo, ikaipa shule na ofisi.

Wadenmaki nao, walipokwisha kukombolewa, wakageuka. Katika Visiwa vya Faroe Kidenmaki kilikuwa lugha ya kanisa, ya mahakama na ya shule, na Kifaroe kikabaki cha nyumbani na cha nyimbo za ngoma. Maandishi yake ya kisasa yalipangwa mwaka 1846 na V. U. Hammershaimb, shuleni kilipata usawa na Kidenmaki mwaka 1938, mwaka 1948 sheria ya kujitawala ikakitaja kuwa lugha kuu ya visiwa. Leo Kifaroe kina redio, televisheni, magazeti, vitabu vya shule na chuo kikuu, na visiwa vyote vina watu karibu 55,000. Wilaya ya Mkinga peke yake ina watu wengi kuliko hao.

Kwa Greenland mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1951 watoto 22 wa huko waliondolewa kwa wazazi wao na kupelekwa Denmark ili walelewe katika Kidenmaki na kuwa mfano wa Wagreenland wa kisasa. Wengi wa waliorudishwa hawakurejeshwa kwa mama zao. Waliwekwa katika nyumba ya kulelea watoto, na lugha ya kuzungumza na mama zao ilikuwa imewatoka. Serikali ya Denmark iliomba radhi mwaka 2020, miaka 69 baadaye. Wakati huo Kigreenland kilikuwa kimekwisha kuwa lugha rasmi ya Greenland, tangu mwaka 2009. Waliofanya unyama ule walikuwa watu wema machoni pao, maofisa wa ustawi wa jamii walioamini kwamba wanamfungulia mtoto dunia.

Sasa turudi nyumbani. Kila mwalimu wa Kiswahili nchini anazijua kwa moyo hoja zinazotumiwa kukizuia Kiswahili kisivuke mlango wa shule ya sekondari: hakina msamiati wa sayansi, vitabu vitagharimu fedha nyingi, wazazi wenyewe wanataka Kiingereza, na dunia haitatungoja. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hoja zilizolizika ndizo hizo nne. Tumeziandikia vitabu kuzipinga. Tumesema, na tumesema kweli, kwamba msamiati huja kwa matumizi, kwamba gharama ya ujinga inazidi gharama ya vitabu, na kwamba mzazi huchagua kile ambacho dola imekwisha kukitukuza.

Lakini jaribu kupendekeza katika kikao cha elimu kwamba mtoto wa kijiji cha milimani Lushoto, anayefika darasa la awali akiwa na Kishambaa peke yake, afundishwe kusoma herufi zake za kwanza kwa Kishambaa. Utajibiwa nini? Hakina msamiati. Vitabu ni ghali. Wazazi wanataka Kiswahili. Tutabaki nyuma. Hoja zote nne, neno kwa neno, na safari hii wanaozitoa ni sisi watetezi wa Kiswahili. Tumeupokea mjeledi kutoka mkono wa Kiingereza, tukageuka kumtazama aliye nyuma yetu.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inawataka wananchi wajivunie lugha zao za jamii na kuzihimiza taasisi zizitafiti, zizihifadhi na kuziandikia kamusi. Ni maneno mazuri. Sera hiyohiyo inazitaja lugha hizo kuwa hazina ya kukikuza Kiswahili, na hapo ndipo fikra halisi inapojitokeza: Kizigua ni ghala la kuchotea maneno. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba Kizigua kina haki ya kuishi kwa ajili ya Wazigua. Shuleni hakimo. Redioni, kanuni za maudhui zinataka Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine hungoja kibali. Unaambiwa uipende lugha ya mama yako, ila usiitumie panapowasha taa.

Dharau hii haiishii kwa majirani wa Kiswahili. Imeingia hata ndani ya Kiswahili chenyewe. Kusini ya mji wa Tanga, upande wa Tongoni, kuna Kimtang'ata, lahaja ya Mrima ambayo W. H. Whiteley aliichapishia utafiti mwaka 1956. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tangu hapo lahaja nyingine zote za pwani zikawa makosa ya mtihani. Mjukuu wa msemaji wa Kimtang'ata, ambaye ukoo wake umesema Kiswahili tangu kabla ya mzungu wa kwanza kutia nanga, anaambiwa darasani kwamba anasema Kiswahili kibovu. Kikao kimoja cha wakoloni kimetosha kumfanya mwenyeji awe mgeni katika lugha yake.

Yapo mengi yanayopotea, na si methali na nyimbo za kuwafurahisha watalii tu. Steven Feierman, mwanahistoria aliyeishi na kutafiti Usambara, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba Washambaa walikuwa na nadharia nzima ya utawala iliyojengwa juu ya mafungu mawili ya maneno: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa mvua, kwa mavuno, kwa amani baina ya wakubwa. Waingereza walipoleta mpango wao wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946 na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta, wananchi waliupima kwa maneno hayo, wakaukataa, na baada ya miaka kumi na moja ya ugomvi mpango ukafa. Bwana shamba wa wakati ule aliona ukaidi wa washamba. Kilichokuwa mbele yake ni mjadala wa kikatiba, naye hakuwa na lugha ya kuusikia. Leo tunawaandalia watendaji wa vijiji semina za utawala bora kwa maneno yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, katika milima ambayo ilikuwa na istilahi zake za kazi hiyo kabla ya Wajerumani kufika.

Hukohuko Lushoto kuna Wambugu, ambao pamoja na Kimbugu chao cha kawaida wanayo namna nyingine ya kusema, iitwayo Kima'a, yenye sarufi ya Kibantu na sehemu kubwa ya msamiati wenye asili ya Kikushi. Wanaisimu wa dunia nzima wanaijua, kwa kuwa mifano ya lugha mchanganyiko ya namna hiyo ni michache mno. Maarten Mous wa Leiden, Uholanzi, aliitungia kitabu mwaka 2003. Nawauliza wanafunzi wa isimu wa vyuo vyetu: ni wangapi kati yenu mmepanda basi hadi Lushoto kuisikia?

Tazameni pia mkasa wa Wazigua. Katika karne ya 19, njaa ilipoipiga nchi yao, wengi waliuzwa na kuvushwa kwa majahazi kutoka pwani yetu hadi Somalia. Waliofanikiwa kutoroka utumwani walijenga vijiji katika bonde la mto Juba, na humo wakakitunza Kizigua kwa zaidi ya miaka 150, bila shule, bila redio, bila kitabu, katikati ya watu waliowadharau. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, maelfu walikimbilia Kenya, na kuanzia miaka ya 2000 Marekani iliwapokea wengi wao pamoja na Wasomali wengine wenye asili ya Kibantu, kama ilivyowapokea Wahmong kabla yao. Wengine walirudi Tanga. Tanzania iliwapa ardhi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wao wakapata uraia, jambo linalostahili sifa. Walipofika, walielewana na wenyeji kwa lugha waliyoondoka nayo babu zao.

Linganisha sasa. Katika St. Paul shule za umma zina mpango wa kuwafundisha watoto kwa Kihmong na Kiingereza, katika nchi ambayo haikuwahi kuwa ya Wahmong. Hapa Handeni, katika nchi ya Wazigua, mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwenyeji wanaingia darasani pamoja, na wote wawili wanakiacha Kizigua mlangoni. Kile ambacho utumwa wa Juba haukukiua, kinaweza kufia nyumbani, kwa ukimya na kwa nia njema.

Nitajibu hoja za wapinzani, maana ni hoja za watu wazima na zinastahili majibu.

Ya kwanza ni umoja. Kiswahili kilitujengea taifa, na mtu yeyote anayetaka kukiondoa kwenye nafasi hiyo hatanipata upande wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, Machui, alikuwa wa asili ya Kiyao na akakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mama. Tanga nzima inamwonea fahari. Lakini umoja hautokani na kuwa na lugha moja tu. Rwanda ilikuwa na Kinyarwanda, lugha ya karibu wananchi wote, na mwaka 1994 watu waliuana wakitukanana kwa sarufi moja. Somalia, yenye Kisomali kutoka ncha hadi ncha, ilisambaratika. Umoja wetu ulijengwa kwa siasa ya usawa, na ukivunjika utavunjwa na ukosefu wa usawa. Kitabu cha Kishambaa cha kujifunzia kusoma hakiwezi kuuvunja.

Ya pili ni gharama. H. W. Woodward wa misheni ya Magila alichapisha kitabu cha mwongozo wa Kibondei mwaka 1882, akiwa na vifaa ambavyo leo vingechekwa. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ilitoka Kenya mwaka 2004, na Agano Jipya la Kidigo mwaka 2007. Kwa hiyo upande wa Kidigo kazi kubwa imekwisha kufanyika, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, katika nchi ambayo katiba yake ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kulinda lugha za wananchi. Tulinganishe gharama ya kuchapa vitabu vichache vya darasa la awali na gharama ya makongamano yetu ya hotelini, kisha tuzungumze juu ya ufukara.

Ya tatu ni kwamba wazazi hawataki. Ni kweli, wengi hawataki. Wanaona ofisi ya wilaya, zahanati na mahakama ya mwanzo, na hawaoni mlango hata mmoja ambao Kibondei kinaufungua. Mzazi huyu ana akili timamu. Anasoma alama tulizomwekea. Mzazi wa Copenhagen mwaka 1720 angetoa jibu lilelile kuhusu Kidenmaki. Tubadilishe alama kwanza, ndipo tumwulize tena.

Nakubali kwamba hali si moja kila mahali. Katika mitaa ya Ngamiani, Chumbageni na Mabawa Kiswahili ndicho lugha ya kwanza ya watoto walio wengi, na huko hakuna haja ya kulazimisha kingine. Nakubali pia kwamba vijiji vingine vya Mkinga vina Kidigo, Kisegeju na Kidaiso kwa pamoja, na mwalimu hawezi kugawanyika. Ugumu huo ni wa kupangiwa kazi kijiji kwa kijiji. Haujawahi kuwa sababu ya kutofanya lolote popote.

Ninachokitaka kinaweza kutajwa kwa ufupi. Walimu wa madarasa ya awali na ya kwanza wanaoijua lugha ya watoto wao waruhusiwe kwa maandishi kuitumia, badala ya kuitumia kwa kuibia kama wafanyavyo wengi sasa. Redio za jamii ziruhusiwe kutenga saa za lugha za mahali pao bila kuomba kibali cha kila kipindi. Taasisi ya Elimu Tanzania itengeneze kitabu kimoja cha kusomea kwa Kishambaa na kingine kwa Kizigua, ijaribu, ipime, itangaze matokeo hata yakiwa mabaya. Vyuo vikuu vipokee tasnifu za kurekodi na kueleza lugha hizi, wala visizihesabu kuwa kazi za daraja la pili.

Kwenu watumishi wa umma: mzee wa Kwekivu au wa Bwiti anapokosa neno la Kiswahili mezani pako na kusema kwa lugha yake, usimkatize kwa kumwambia aache kilugha. Mwite mtu wa kutafsiri, uandike shauri lake. Kwenu wanaharakati: mmekuwa mkipigania ardhi na maji kwa vipeperushi ambavyo bibi mwenye shamba hawezi kuvisoma wala kusomewa akavielewa. Na kwenu wanafunzi: kila mmoja wenu ana simu yenye kinasa sauti. Likizo hii, kaeni na babu na bibi zenu, rekodini saa kumi za mazungumzo, juu ya mvua, juu ya mirathi, juu ya tiba, juu ya ugomvi wa mipaka, na mwandike majina ya waliosema kwa idhini yao. Mkirudi chuoni, leteni. Nitafungua ofisi yangu kila Ijumaa alasiri muhula ujao kwa ajili ya kazi hiyo, na atakayekuja na Kisegeju nitampokea wa kwanza, kwa kuwa wasemaji wake wamebaki wachache na umri haumngoji mtu.